Waraka kwa Mpwa Wangu Juu ya Jino la Mama Yake

Isevya, Tabora

Mpwa wangu mpendwa,

Waraka wako kutoka Ujiji umenifikia, nami nilipofika pale ulipoandika kwamba jirani amekushauri umwachishe mama yako aspirini kwa wiki nzima, kisha umpeleke kwa fundi wa koleo sokoni, kwa kuwa eti ni jino tu, niliona ni wajibu wangu kukujibu kabla jambo halijatendeka.

Dada yangu ana sukari, ana presha, na tangu apatwe na kile kiharusi kidogo humeza aspirini kila siku. Mtu wa hali hiyo hana jino tu. Sukari isiyodhibitiwa huzidhoofisha fizi na kuchelewesha kidonda kupona, na fizi zenye usaha nazo huipandisha sukari. Tena amlodipini, dawa yake ya presha, kwa baadhi ya watu hufurisha fizi hata zikayafunika meno, na jamaa wakadhani ni uzee. Uzee peke yake haung'oi meno.

Ama aspirini, asiiache ila kwa amri ya daktari aliyempa. Damu ya pengo la jino, mgonjwa aking'ata gozi safi kwa nusu saa, au daktari akishona, kwa kawaida hukatika. Lakini damu ikiganda ubongoni kwa sababu dawa imekatizwa, gozi haitamfaa kitu.

Wala jino si jambo la kudharau: wewe unakaa mji ule ambamo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, nami sikai mbali na Kwihara, walikofikia wote wawili mwaka uliofuata. Livingstone hakuwa ametimiza miaka 60, naye alikuwa tabibu kwa taaluma. Lakini sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu 1867, maradhi ya tumbo yakimwandama, na meno yake yalikuwa yameharibika kwa vyakula vigumu vya safarini, hata Stanley akaandika kwamba ni hayo tu yaliyoonyesha uzee wake. Mgonjwa asiyeweza kutafuna hula nusu ya chakula, na mwenye sukari akimeza dawa zake pasipo kula, sukari huweza kushuka ghafula akazimia. Hili la kutafuna ndilo linalonitia hofu kuliko maumivu yenyewe, maana maumivu mama yako atayasema, lakini njaa ataificha kwa haya.

Basi mpeleke Hospitali ya Maweni, na dawa zake zote uzitie katika mfuko mmoja pamoja na daftari lake la kliniki, uziweke mezani mbele ya daktari wa meno, kwani majina ya dawa yaliyokaririwa hupotea njiani. Omba apimwe sukari na presha kabla ya kuchomwa ganzi; na presha ikiwa imefika 180 kwa 110, daktari akakuambia mrudi siku nyingine, usimgombeze kwa kuwa mmetoka nyumbani alfajiri, huyo anaijua kazi yake. Katika kungoja, diklofenaki ya dukani usimpe, kwa maana hupandisha presha na kuzidhuru figo ambazo sukari imekwisha kuzichosha. Paracetamoli kwa kipimo chake yatosha. Na kama fedha ndiyo iliyokuelekeza kwa fundi wa koleo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii hapo hospitalini, kwa kuwa Sera ya Afya ya mwaka 2007 huwasamehe malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na kuomba haki si aibu.

Mwende asubuhi, naye awe amekwisha kunywa uji na kumeza dawa zake kama desturi. Jirani yako mshukuru kwa huruma yake, lakini shauri lake usilifuate.

Wasalaam,
Mjomba wako