Mashine iliyoshikwa na homa

Kila kitu kifanyacho kazi hupata joto. Mtu alimaye shamba hutoka jasho. Kinu cha kusagia mahindi, kikizunguka tangu asubuhi, huwa cha moto hata usiweze kuweka mkono juu yake. Breki ya baiskeli, ukiteremka mlima mrefu, hunuka mpira ulioungua. Hayo si ajabu wala si ugonjwa. Ndiyo kanuni ambayo Mwenyezi Mungu ameviwekea viumbe vyake. Kazi huzaa joto, na joto hutafuta njia ya kutokea. Likiipata, mambo ni salama. Likiikosa, ndipo taabu huanza.

Leo napenda kuwaeleza habari za mashine ya michezo, ile ambayo vijana wetu huiunganisha na televisheni wapate kucheza mpira au kuendesha magari kwa vidole tu. Labda wengine watasema: «Hayo ni mambo ya watoto, yatufaa nini sisi Wakristu wazima?» Nawaomba msome hata mwisho, kwani katika nyumba yangu jambo hilo dogo lilikaribia kumwangamiza mtoto asiye na hatia.

JOTO LATOKA WAPI?

Ndani ya mashine hiyo mna kibamba cha silikoni, ambacho ukubwa wake wakaribia ukucha wa kidole gumba. Hicho ndicho akili yake. Mashine kubwa, mchezo unapoendelea, hutumia umeme wa wati 100, hata 200, na umeme huo karibu wote hugeuka kuwa joto. Fikirini taa mbili za zamani, za wati 100 kila moja, zimefungiwa ndani ya sanduku: ndivyo ilivyo.

Ili joto hilo litoke, mafundi waliounda mashine wameweka juu ya kibamba kipande cha madini chenye mapezi mengi membamba, mfano wa mapezi ya samaki. Katikati ya kibamba na madini hayo wamepaka mafuta mazito, yaani ute wa kupitishia joto, ili pasibaki nafasi ya hewa. Kisha feni huvuta hewa baridi, huipitisha kati ya mapezi, na kuisukuma nje ikiwa na moto. Vitabu vya maelezo vya mashine nyingi husema kwamba hewa ya chumbani yafaa iwe kati ya digri 5 na 35. Joto likizidi ndani, kuna kipimo ambacho huizima mashine ili isiungue. Kwa hiyo mashine inayojizima haijafa. Imezimia tu, kama mtu aliyefanya kazi juani bila kunywa maji.

Hata wenye elimu kubwa wamepata aibu kwa sababu ya joto hilo. Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa mashine yake iitwayo Xbox 360 mwezi wa Novemba 2005. Baada ya muda, mashine nyingi zilikufa, zikionyesha taa tatu nyekundu. Mwezi wa Julai 2007 kampuni ilitangaza kwamba itazitengeneza bure kwa muda wa miaka 3 tangu kununuliwa, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo. Mwaka 2021, katika filamu ya historia ya mashine hizo, watu wa kampuni yenyewe walieleza chanzo: viungo vidogo vya ndani vilikatika kwa sababu ya kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, kila mashine ilipowashwa na kuzimwa. Maana kitu cha moto hutanuka, na kikipoa hujikunja. Na kiungo kinachovutwa hivyo kila siku mwishowe huchoka.

Nasi wa Kongo tusidhani kwamba vyombo hivyo ni vya wageni tu. Lehemu iunganishayo viungo hivyo, sehemu yake kubwa ni bati, madini yale yale waliyoyachimba wazee wetu huko Manono. Na vipo vipande vingine vidogo ndani ya vyombo vya umeme vifanywavyo kwa tantali, itokayo katika koltani ya Kivu. Udongo wetu umo ndani yake. Kwa nini akili zetu zisiingie pia?

MTOTO ALIYESHITAKIWA

Tunakaa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Mdogo wangu, aliye kazini Ubelgiji, aliwaletea watoto wangu mashine ya michezo ambayo ilikuwa imekwisha kutumika miaka kadhaa. Furaha ilijaa nyumbani. Mke wangu, kwa kuiheshimu zawadi ya shemeji yake, aliiweka ndani ya kabati ya televisheni, akaifunika kitambaa kizuri alichokifuma kwa mkono wake.

Nyumbani mwetu yupo pia mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye umri wa miaka 11. Ni mpole, tena ni mtumishi wa Misa. Kila jioni huteka maji kwanza, kisha huketi na wenzake. Kwa hiyo zamu yake ya kucheza ilikuwa daima ya mwisho.

Kiangazi kilipofika, na vumbi la barabara likaingia kila mahali, mashine ilianza kuzimika. Tena ilizimika kwa namna ya kutisha: watoto wangu wawili wakicheza, haina neno, mpwa wangu akiishika tu, baada ya dakika chache, giza! Siku ya kwanza walicheka. Siku ya tatu walikasirika. Siku ya tano mwanangu mkubwa akasema mbele ya wote: «Huyu ana mkono mbaya.»

Neno hilo lilivuka ua upesi kuliko moshi. Mama mmoja wa jirani alikuja kumwambia mke wangu kwa sauti ya chini: «Mama, angalieni vizuri. Mamake alikufa, sasa na chombo chafa mkononi mwake. Iko nyumba ya maombi ambako watoto wa namna hiyo hufungishwa njaa mpaka wakiri. Mpelekeni mapema.»

Niliporudi shuleni nikamkuta mtoto amekaa nyuma ya jiko, hataki kula. Akaniambia: «Mjomba, mimi sikuiharibu. Lakini labda ni kweli nina kitu, maana yazimika kwangu tu.» Wazazi wenzangu, maneno hayo yalinichoma. Mashitaka yalikuwa yamekwisha kuingia moyoni mwake mwenyewe.

JARIBIO

Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto kwamba, kabla ya kusema «hiki ndicho chanzo», sharti tubadilishe jambo moja tu na kutazama litokealo. Basi siku ya Jumamosi, mashine ilikuwa haijaguswa tangu usiku wa jana yake, nikawaita wote barazani, hata mama yule wa jirani. Nikasema: «Leo tutabadilisha kitu kimoja, ndiyo zamu. Mdogo ataanza.»

Mpwa wangu alikataa kwa hofu. Nikamshika bega, akaketi. Akacheza dakika 5, dakika 10, dakika 15. Hakuna kilichotokea. Nikampa binti yangu naye akacheza zamu yake. Kisha akashika mwanangu mkubwa. Ilipopata karibu nusu saa tangu kuanza, mashine ikapiga kelele ya feni, ikazimika mikononi mwake yeye aliyesema habari ya mkono mbaya.

Chumba chote kilinyamaza. Nikauliza: «Sasa, tumpeleke nani kufungishwa njaa?» Hakuna aliyejibu. Kisha nikawaambia waweke mkono juu ya kabati. Ilikuwa ya moto kama sufuria ya ugali. Wote waliona wazi: mashine haikumjali mchezaji, ilihesabu dakika. Na mtoto wa zamu ya mwisho ndiye aliyekuwa akizikuta dakika za mwisho.

ALICHOKIONA FUNDI

Tuliipeleka kwa fundi wa redio na simu, nikamchukua mpwa wangu aone kwa macho yake. Fundi alipofungua akaita: «Mwalimu, njoo utazame blanketi hili!» Kweli, kati ya mapezi vumbi lilikuwa limeshikamana kama pamba, hewa haina pa kupita. Na ule ute wa kupitishia joto ulikuwa umekauka, ukakatika kama udongo wa kiangazi. Alisafisha kwa brashi laini, akifuta ute wa zamani na kupaka mpya kidogo tu. Tangu siku ile mashine yakaa juu ya meza wazi, na kitambaa cha mke wangu chapamba redio.

DAWA ZISIZOFAA

Kijana mmoja alikuwa amewashauri watoto waifunge mashine kwa mataulo na kuiacha iwake, eti joto kali litaunganisha viungo vilivyokatika. Ushauri huo ulienea sana siku za zile taa tatu nyekundu. Msifanye hivyo kamwe! Bati la kulehemu lisilo na risasi huyeyuka karibu na digri 217. Taulo haliwezi kufikisha joto hilo bila hatari ya moto, na nyumba yaweza kuungua wenyewe wamelala. Wengine huweka mashine ndani ya friji: hewa ya unyevu hugeuka matone ya maji juu ya nyaya. Wengine huiwasha tena na tena mara inapozimika, nao huichosha zaidi.

Yafaa kufanya haya. Iwekeni mahali wazi, iwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja au zaidi, wala msiifunike. Ikijizima, iacheni ipoe kwa muda mrefu. Pangusheni matundu yake mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi, baada ya kuichomoa katika umeme. Msipulize kwa kinywa, maana pumzi ina maji. Mkitaka kuifungua, mpeni fundi, kwani sehemu ya umeme huweza kushika nguvu ya hatari hata baada ya kuchomolewa. Na nanyi vijana, nusu saa au saa moja yatosha. Mashine yapumzika, nanyi mwafungua kitabu.

NENO KWA WAZAZI

Nilichojifunza chapita habari za mashine. Twajua sote kwamba katika miji yetu watoto wengi hufukuzwa nyumbani au kuteswa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ni yatima, wasio na mama wa kuwatetea. Biashara imeanguka, mjomba ameugua, chombo kimeharibika: watu hawatafuti chanzo, watafuta mwenye kosa. Na mwenye kosa hupatikana daima kwa yule aliye dhaifu kuliko wote. Yatima hadeki, wazee walisema. Nami naongeza kwamba yatima haulizwi pia.

Sheria ya nchi yetu yakataza jambo hilo. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto humpa adhabu afanyaye hivyo. Na kabla ya sheria hizo tulikuwa na Injili. Wanafunzi walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, walitaka kujua ni dhambi ya nani. Bwana wetu aliikataa kabisa hesabu yao.

Mwanangu mkubwa alimwomba ndugu yake msamaha bila kulazimishwa, na tangu hapo zamu za kucheza huzunguka, na maji huteka wote. Mama wa jirani alikaa wiki mbili bila kuja kwetu. Kisha alikuja, akaniuliza kama fundi yule aweza kutazama friji yake ambayo haigandishi. Nilimpeleka kwa moyo mkunjufu. Aulizaye habari za chanzo ameacha tayari kutafuta mchawi.

Wazazi wapenzi, siku chombo kitakapozimika nyumbani mwenu, au shamba litakaponyauka, au homa itakapoingia, ulizeni kwanza: joto hili latoka wapi, na njia yake imezibwa na nini? Ulizeni kwa fundi, kwa bwana shamba, kwa mganga wa hospitali. Na mtoto aliye nyuma ya jiko, mwiteni aje kula pamoja na wengine.