Nyuki Alibaki Kwenye Pasi

Sitazungukazunguka: fulana za kikundi chetu cha wafuga nyuki hapa Kasanda niliziharibu mimi, kisha nikawasingizia wenye pasi.

Tulizitaka kwa ajili ya Nanenane, maonyesho ya kanda yetu kwenye viwanja vya Ipuli, Tabora. Nembo niliichora mwenyewe kwenye simu: nyuki wa njano mwenye vivuli vya kahawia, mzinga wa gogo, na majani nyuma yake. Nilimpenda yule nyuki kupita kiasi.

Fundi wa mjini Kasulu alinieleza bila haraka. Ukichapa kwa wavu, kila rangi hudai fremu yake, na fremu zikizidi bei hupanda. Lakini wino ukishaivishwa vizuri, kwenye nyuzi joto kama 160, huing'ang'ania pamba miaka na miaka. Kudarizi kunafaa kofia na fulana nzito za kola; kwenye fulana nyepesi, uzi mwingi huikunja kifuani. Wino unaogeuka mvuke, ule wa vikombe na jezi, haushiki pamba, unataka poliesta ya rangi nyepesi. Ikabaki karatasi ya kubandika kwa joto: rangi zote kwa mkupuo mmoja, picha vilevile ilivyo kwenye simu. "Ila hii pasi isiiguse," akasema. Yeye angechapa nyuki mweusi, rangi moja, kwa wavu.

Nilimwona hana jicho. Nikachukua karatasi, na kikaoni nikaonyesha sampuli bila kuligusia neno la pasi.

Na jibu nilikuwa nikipishana nalo njiani. Fulana za kampeni za uchaguzi, zilizochapwa kwa wavu, zinalimiwa mahindi na mihogo mpaka kola inakatika, herufi za kifuani bado zinasomeka. Huku kwetu nguo husuguliwa kwa sabuni ya mche, maana vumbi jekundu halitoki kwa kubembelezwa, kisha hupigwa pasi ya mkaa, ambayo haina kitufe cha kupunguza moto. Hayo nayajua tangu utoto.

Kabla ya safari, akina mama walizifua na kuzinyoosha ili tupendeze. Nyuki akabaki kwenye pasi. Aliyebahatika alibakiwa na bawa.

Mwenyekiti alipouliza kulikoni, nilisimama upesi kuliko wote: "Jamani, tuangalie na moto wa pasi zetu." Mama mmoja, mtu mzima wa kumwamkia shikamoo, akaomba radhi mbele ya watu na kuahidi kuilipia fulana yake. Nilikaa, nikatazama daftari.

Kuchagua vibaya naweza kukueleza, na fedha ya asali iliyopotea kwenye fulana hizo naweza kuirudisha kidogo kidogo. Ile radhi yake ndiyo sijui nitaishika wapi. Malipo ya kwanza ameshayaleta kwa mweka hazina, na risiti niliiandika mimi, katibu.