Ukibonyeza Futa, Nini Hasa Kinafutika?

Leo naongea na wale wanaojifunza kuandika programu. Lakini hata kama wewe huna shughuli na hizo vitu, kaa kidogo, kwa sababu jina lako na namba yako ya simu ziko kwa databesi ya mtu mahali.

Maoni yangu ni moja: kuiacha fremuweki ikuamulie jinsi ya kufuta data ni uvivu, na anayelipia huo uvivu ni mtu ambaye hata hajui databesi ni nini.

Tuchukue chai, si ndiyo tunaijua huku Bomet na Kericho. Mkulima anapeleka majani kituoni, karani anapima, kilo zinaandikwa. Kila mwezi analipwa kwa kilo, halafu bonasi inakuja baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, na inategemea kilo hizo hizo.

Sasa sema umejenga mfumo kama huo kwa Django. Una jedwali la wakulima na jedwali la kilo, umeyaunganisha. Tangu Django 2.0, iliyotoka Desemba 2017, ni lazima useme mwenyewe on_delete ifanye nini. Wengi wananakili CASCADE kutoka kwa video fulani na kuendelea na maisha. Maana yake ni hii: ukimfuta mkulima, kilo zake zote zinaenda naye. Karani akiona jina limeandikwa mara mbili, afute lile lenye kilo, bonasi ya mama wa watu imepotea hivyo tu. Ukiweka PROTECT, Django inakataa kumfuta mtu mwenye kilo. Neno moja tu.

Wajanja watasema, "Mimi sifuti, naficha." Yaani unaandika upya delete() ya modeli yako, badala ya kufuta iweke tarehe kwenye safu ya deleted_at. Poa. Laravel inakupa hiyo ikiwa tayari, na Hibernate nayo ina namna yake ya kuficha kuanzia toleo la 6.4. Lakini kwa Django kuna mtego: delete() uliyoandika inaitwa ukifuta kitu kimoja kimoja. Ukichuja wakulima hamsini na kuwafuta pamoja, Django haipiti kwa delete() yako hata kidogo. Ule ukurasa wa admini, ukichagua wengi na kubonyeza futa, ni vile vile. Wanaenda kabisa. Dawa ni kuandika QuerySet yako yenye delete() yake, na kuifanya meneja wa modeli aitumie hiyo. Halafu jaribu njia zote mbili kabla ya kumwambia mtu kazi imeisha.

Lakini manze, kuficha kila kitu pia si jibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 40, inakupa haki ya kuomba data yako ifutwe kama anayeishika hana tena ruhusa ya kukaa nayo, au kama imepitwa na maana, imezidi, au ilipatikana kinyume cha sheria. Mtu akiomba hivyo, na wewe unaweka tu deleted_at, namba yake ya kitambulisho bado iko pale inakuangalia. Hujafuta. Umefunika na shuka.

Kitu kinanifurahisha ni kwamba sheria hiyo hiyo imefikiria mambo ya ushahidi. Kama data inahitajika kama ushahidi, haifutwi, matumizi yake yanawekewa mipaka na mwenyewe anajulishwa. Kwa hivyo hata wanasheria wanajua kuna kufuta kwa aina mbili. Wewe fundi utashindwaje?

Kwangu mimi hesabu ni hii. Kilo na malipo: usiruhusu zifutwe. Jina lililoandikwa mara mbili: ficha, ili karani aweze kulirudisha. Simu na kitambulisho cha mtu aliyeondoka na hadai chochote: futa kabisa, acha kilo zikiwa hazina jina. Hizo ni tabia tatu tofauti ndani ya mfumo mmoja, na hakuna fremuweki itakayokuchagulia.

Kabla hujaandika hiyo delete(), nenda kituo cha chai siku moja uulize karani ni nini hakifai kupotea. Atakuambia kabla hujafungua laptopu.