Bahari Isiyo na Bamvua



Bonaire, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi, kilomita 80 hivi kutoka Venezuela, kina bahari ambayo mtu wa Zanzibar au Mombasa huenda akaiona ni vivu, kwa kuwa tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa ni kama sentimita 30 tu, ilhali huko nyumbani wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, hukaribia mita 4. Kwa hiyo, na kwa kuwa ufuko wa magharibi umekingwa dhidi ya upepo wa mashariki unaovuma karibu mwaka mzima, mzamiaji hangoji maji wala hakodi mashua: huegesha gari kando ya jiwe lililopakwa rangi ya manjano, alama ya mahali pa kuzamia, akajitwika mtungi wa hewa iliyoshindiliwa na kuingia majini kwa miguu.

Ukingo wa mwamba wa matumbawe, yaani mawe yanayojengwa na wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi, huanza kwenye kina cha mita 10 hivi. Kina hicho hudhaniwa hakina hatari, na dhana hiyo ni potofu, kwani mgandamizo, yaani nguvu ya maji na hewa inayoubana mwili, huko huwa maradufu ya ule wa juu, hivyo hewa iliyovutwa chini hutanuka mara mbili mtu anapopanda, na aliyebana pumzi huweza kupasuka mapafu. Anayepumua kwa utulivu husikia pono wakikwangua mwani juu ya mawe, kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, kisha huwaona wakiachia nyuma yao wingu la mchanga mweupe (watalii wanaousifu ufuko ni nadra kuelezwa asili yake).

Kwa kuwa bahari yenyewe haimzuii mtu, sheria ndizo humzuia. Tangu 1979 maji yanayokizunguka kisiwa, hadi kina cha mita 60, ni hifadhi. Kutia nanga kwenye matumbawe ni marufuku, na glavu pia, maana mwenye mikono mitupu huogopa kushikashika. Mwaka 2023 uliingia ugonjwa unaoua nyama ya matumbawe na kuacha mifupa myeupe, ambao uligunduliwa kwanza Florida mwaka 2014, na tangu hapo wazamiaji hutakiwa kusafisha vifaa vyao kwa dawa. Wapo wanaolalamikia usumbufu huo, ingawa ndoo ya dawa ni kazi ya dakika chache, na tumbawe kubwa lenye mikunjo kama ya ubongo, lililokua kwa karne nzima, huweza kufa kwa miezi michache.