Duka Lisilopewa Uhamisho

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nilifundishwa nilipokuwa chuo cha ualimu, nami nikawafundisha watoto wa darasa la sita kwa miaka minne kabla ya kuhamia ofisi ya elimu ya wilaya. Sikupata kuitilia shaka hata siku ile nilipomkuta dada yangu, ambaye sweta zake ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, amekaa mbele ya mashine yake mjini Masindi, siku ya tatu bila mteja hata mmoja.

Dada ni mke wa koplo wa polisi. Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kuelezwa maana ya neno uhamisho. Kwa miaka sita alikuwa Mbale, akifuma sweta za shule, na walimu wakuu wengi wa pale walimjua kwa jina. Halafu karatasi ikaja: katika muda wa wiki mbili shemeji awe amekwisha kuripoti Masindi. Mashine ya kufumia ilipakiwa juu ya lori pamoja na vitanda na masufuria. Wateja hawakupakiwa.

Mimi ndiye niliyemshauri afungue tovuti. Nilimwambia kwamba hilo litakuwa duka lisilopewa uhamisho. Akakopa shilingi 700,000 katika chama cha akiba na mikopo, shemeji akamdhamini, wakakubaliana kurejesha 77,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Kijana mmoja wa Kampala aliijenga tovuti hiyo, na maneno yake niliyaandika mimi. Nayaona haya kuyakumbuka: "Tangu kuasisiwa kwake, karakana yetu imejizatiti kuinua hadhi ya mavazi ya mwanafunzi." Aya saba za namna hiyo! Nilidhani naandika ripoti ya mkaguzi wa shule.

Miezi mitatu ikapita. Marejesho yalilipwa kutoka mshahara wa shemeji, na ada ya mtoto wa pili ikachelewa. Kisha dada akakutana sokoni na mwalimu mkuu mmoja wa kike, aliyemwambia: "Mama, niliufungua ukurasa wako nikiwa ndani ya teksi. Kile kiduara kilizunguka mpaka bando langu likaisha." Jioni ile dada alinipigia simu. Hakugomba. Alisema tu, "Mdogo wangu, umenijengea nyumba isiyo na mlango."

Kesho yake niliazima simu ya tarishi wetu ofisini, simu ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka, nikaifungua tovuti kama mtu asiyetujua. Hapo awali nilikuwa nikiitazama kwenye kompyuta ya ofisi tu. Hili ndilo kosa langu lililozaa mengine.

Picha zilikuwa 12, kila moja ya megabaiti 4 hivi, yaani karibu megabaiti 48 kabla mteja hajaona bei ya sweta moja. Ndugu msomaji, bando si maji ya mvua. Julai 2021 Serikali yetu ya Uganda iliiondoa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza mwaka 2018, ikaweka mahali pake ushuru wa asilimia 12 juu ya bei ya bando. Nani atakayelipa hayo yote ili atazame picha zetu? Na picha zenyewe zilikuwa za watoto wa Ulaya wanaocheka! Tukazitoa zote. Dada akapiga picha za sweta zake mwenyewe, nasi tukazipunguza mpaka kila moja ikawa kilobaiti 150, hata zote 12 hazikufika megabaiti 2.

Kuhusu picha, niwaonye wanaoishi kambini. Dada alitaka kuzianika sweta kwenye uzio wa kambi kwa sababu jua la hapo ni zuri. Shemeji alikataa katakata, na alikuwa na haki. Kambi si mahali pa kupigia picha za biashara, wala cheo cha mume si tangazo. Picha zilipigwa kwenye kibanda chake cha sokoni, na kibanda hicho hicho ndicho tulichokiandikisha kwenye ramani ya Google, ambako mwenye biashara huandikishwa bila malipo.

Namba ya simu nayo ilikuwa chini kabisa, baada ya aya zangu saba, tena imechorwa ndani ya picha, hata mtu akiigusa haipigi. Sasa iko juu, imeandikwa kwa maandishi, na ukiigusa simu inaita. Pembeni yake kuna kitufe cha WhatsApp. Chini yake kuna namba ya kulipia kwa simu pamoja na jina lililosajiliwa, kwa sababu mlipaji huonyeshwa jina hilo kabla ya kuthibitisha, na akiona jina geni atadhani ni matapeli.

Kichwa cha ukurasa kilikuwa "Karibu". Nani hutafuta neno karibu? Mzazi wa Masindi akitaka sweta huandika "sweta za shule Masindi", basi nasi tukaandika hivyo hivyo, kisha tukairudia sentensi fupi kwa Kiingereza na kwa Kinyoro. Aya zangu saba nikazifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Lililotushinda kwa muda mrefu ni bei. Dada hakutaka kuiandika. Alisema wenye mashine wenzake wataisoma na kuuza kwa pungufu. Mimi nikasema mteja asiyeona bei hudhani ni kubwa, akaenda zake. Tulibishana majuma mawili kwa simu, na sikuona kwamba alikuwa na makosa: yeye ndiye aliyekuwa na deni. Mwisho tuliandika "kuanzia shilingi 25,000", na chini yake tukaeleza uzi ni wa aina gani na kwamba kiwiko kikitoboka katika muhula wa kwanza anakifuma upya bure. Fikira hiyo ya kiwiko ilikuwa yake. Tangu hapo wateja wengi huianzia hapo: "Je, wewe ndiye yule wa viwiko?"

Kila mteja humwuliza alipata habari wapi, na jibu huliandika katika daftari la mtoto. Januari, kabla ya muhula kufunguliwa, walikuja wateja 42. Kati yao 17 walitoka kwenye tovuti, na wawili wa hao walikuwa shule za Mbale zilizodhani amefariki. Sweta zao zilikwenda kwa basi.

Mkopo ulikwisha mwezi wa nne. Juma lililopita shemeji alinong'onezwa kwamba huenda akapelekwa Arua. Dada alinipigia usiku, nami nikajiandaa kumfariji. Aliuliza tu kubadilisha mahali kwenye ramani huchukua siku ngapi. Nikamwambia kuandika ni dakika chache, ila uthibitisho huweza kuchukua siku kadhaa.

"Basi andaa maneno," akasema. "Lakini usiandike wewe."