Zeituni

Neno zeituni nililijua kwanza kuwa ni mtu. Lilikuwa jina la bibi mzaa mama, tuliyekuwa tukimwita ayeyo kwa Kisomali, naye akikaa Wabera, mtaa ambao nao umechukua jina la mja, Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo aliyeuawa tarehe 28 Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru wa Kenya. Wala katika udogo wangu sikudhani kwamba jina laweza kuwa na maana zaidi ya mwenyewe anayeitwa kwalo.

Maana ya pili niliipata sokoni. Wanawake wa Kimeru walioteremka na vikapu vyao walinadi mapera, ilhali ayeyo, akiyabonyeza moja moja kutafuta lililoiva, aliyaita zeituni, kama waitavyo Wasomali; nikasadiki kuwa yeye na tunda lile jororo ni wa nasaba moja.

Itikadi hiyo ilivunjika chuoni. Tulipofika Sura ya At-Tin, ambamo Mola anaapa kwa tini na zeituni, maalimu akatufahamisha kuwa zeituni ya Kiarabu ni tunda dogo, chungu, likamuliwalo mafuta, na kwamba neno lenyewe ni ndugu wa zayti, yaani mafuta. Nilirudi nyumbani na huzuni kana kwamba nimenyang'anywa kitu.

Ukubwani ndipo nilipotambua kuwa ayeyo hakukosea. Mpera asili yake ni Amerika, na baadhi ya kaumu zilizoupokea ng'ambo ya bahari ziliutafutia jina katika matunda ziliyokwisha kuyajua: watu wa Omani na Wasomali wakaliita tunda lake zeituni, na sisi Waswahili tukashika pera, neno la Kireno ambalo kwa Wareno wenyewe ni tunda jingine kabisa. Mgeni yule hakuachiwa jina lake kwetu; alivikwa la tunda lililokuwa mbali.

Lakini zeituni halisi haikuwa mbali nasi. Jirani yetu wa Kiborana alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya ejersa, mti wa milimani, na ayeyo aghalabu alinunua maziwa kwake kwa ajili ya ule moshi; na ejersa, nilivyokuja kusoma, ndiyo zeituni mwitu. Kila asubuhi ayeyo alininywesha jina lake, na wala hakuna aliyejua kati yetu.