Kabla Hujaleta Petroli

Mafubira, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku tu wazima, isipokuwa mama yako mkubwa na lile goti lake. Ujumbe wako wa simu niliusoma, nikamsomea na yeye, akaniambia nisikujibu kwa simu maana nitafoka. Ndiyo sababu unapata karatasi. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wewe ulikulia Nairobi na Kisoga chako kinachechemea. Changu ni Kiswahili cha Walukuba, tulichofundishana Wasoga, Wajaluo na Waganda kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwanda, kwa hiyo tuvumiliane.

Unaomba ruhusa ya kuja Desemba na vijana wa timu ya maombi, na dumu la petroli, mchome sabo la babu yako, kile kibanda cha mizimu. Nabii wenu huko Mbale ameona katika maono kwamba kibanda kile ndicho kilichoifunga biashara yako. Tena umenitajia Eliya pale Karmeli na mfalme Yosia aliyebomoa madhabahu za Baali. Nimefurahi kwamba unasoma. Basi tusome pamoja, na tusiishie kwenye kurasa zenye moto.

Kwanza ujue kwamba silitetei sabo. Tangu nibatizwe sijapeleka hata yai pale, na sitaanza uzeeni. Wala sisemi kwamba ibada za sanamu ni hadithi za kale. Watoto wameuawa katika nchi hii ili mtu atajirike, hadi Bunge likapitisha sheria mahsusi dhidi ya kafara za binadamu mwaka 2021. Lakini jiulize ni nani anayempelekea mganga mtoto wa mtu. Siyo kikongwe anayemwaga pombe kidogo kwenye kaburi la mumewe. Ni mtu anayetaka ghorofa lake likamilike na duka lijae wateja. Yeremia aliwaona watu wa namna hiyo katika Bonde la Hinomu, wakiwapitisha watoto wao motoni, na kilichomuuma zaidi ni kwamba walikuwa hao hao waliojaa hekaluni siku za sikukuu.

Hapo ndipo ninapotaka utulie. Manabii waliyakemea mataifa mengine, ni kweli, lakini maneno yao makali zaidi waliwapa watu wa nyumbani. Yeremia alisimama mlangoni pa hekalu la Yerusalemu na kuwaambia waliokuwa wakiingia kwamba jengo lile halitawaokoa, maana wanaiba, wanazini, wanaapa uongo, wanamfukizia Baali, kisha wanakuja kujiona salama. Ezekieli alichukuliwa katika maono akatoboa ukuta, akawakuta wazee 70 wa Israeli gizani, kila mmoja na chetezo chake, mbele ya picha za wadudu na wanyama. Wazee wengine walipokuja kuketi mbele yake, kama vijana wako wanavyoketi mbele ya nabii, aliambiwa kwamba sanamu zao wamezisimamisha mioyoni. Za namna hiyo petroli haizifikii.

Na Isaya, je? Wewe unapita barabara ya Bugembe, unawaona mafundi wa vitanda. Isaya alimtazama fundi kama huyo kwa makini, kwa jicho la mtu anayetaka kucheka. Anamwona akinyoosha kamba, akipiga alama kwa chaki, akilainisha kwa randa, akizungusha bikari. Mti ni ule ule mmoja. Nusu anaitia jikoni, anaoka mkate na kuchoma nyama, anashiba, anaota moto na kusema joto hili tamu. Kipande kilichobaki anakichonga umbo la mtu, anakipigia magoti na kukiomba kimwokoe. Ninaupenda ukali wa mzee yule. Anamcheka fundi kwa sababu moja tu: mtu ameshika kwa mkono wake mwenyewe kitu alichokitengeneza, na hajiulizi.

Sasa na wewe jiulize. Ile chupa ya mafuta uliyomtumia mama yako mkubwa, yenye picha ya nabii kwenye lebo, alipaka. Goti halikusikia. Alipokwisha kupaka nilinusa kifuniko, nikatambua mafuta ya alizeti. Usinielewe vibaya, mafuta yamo katika Maandiko, na wagonjwa wamepakwa wakaombewa. Lakini kumbuka habari ya nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu, na watu wakapona kwa kumtazama. Miaka mingi baadaye mfalme Hezekia alimkuta bado yupo, watu wanamfukizia uvumba, naye akamvunja vipande vipande. Kitu kilichotolewa na Mungu mwenyewe! Sembuse chupa ya alizeti.

Nabii wenu hutoza pesa anazoziita mbegu kabla ya kuomba, ulinieleza mwenyewe. Mika aliwaona wa aina hiyo katika Yerusalemu, wanaobashiri kwa fedha na kusema Mungu yuko kati yetu. Elisha naye alipomponya Naamani Mshami alikataa zawadi zote. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari la mgeni na kudai talanta ya fedha na nguo, akarudi nyumbani na ukoma. Katika kisa hicho hicho limo jambo ambalo wahubiri wa siku hizi huliruka. Naamani, akiisha kumkiri Mungu, aliomba asamehewe pale atakapolazimika kuinama katika nyumba ya mungu Rimoni, kwa kuwa bwana wake humwegemea mkononi. Elisha alimwambia aende kwa amani. Ukija kwenye matanga ya ukoo ukawakuta shangazi zako wanafanya yao, mkumbuke Naamani kabla hujapiga kelele.

Nije kwa mtu wa huko kwenu na huku kwetu pia. Semei Kakungulu unamsikia Mbale kwa sababu mji ule ulikua kuzunguka makazi yake. Huku Jinja alikaa kuanzia 1906 hadi 1913, Waingereza wakiwa wamempa urais wa baraza la Busoga. Alikuwa jemadari wa Kiganda, Mprotestanti, mwenye bunduki na watu. Aliwatawalia Waingereza mashariki yote ile, akitumaini kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka, nao wakampunguza kidogo kidogo. Alirudi chini ya mlima Wanale akiwa na kinyongo. Akaingia dhehebu la Bamalaki, waliokataa dawa za hospitali na sindano za ng'ombe. Huko nako akaendelea kusoma Biblia ya Kiganda, ile iliyokamilika 1896, na Agano la Kale likamkamata. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe, akaachana na Bamalaki, na hiyo ndiyo asili ya Abayudaya, Wayahudi wa huko kwenu. Hakuna Myahudi aliyemhubiri. Mmoja alipita baadaye, 1920, akawafundisha kalenda na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki 1928.

Wapo wanaosema aliwageukia manabii kwa hasira tu dhidi ya Waingereza. Yawezekana hasira ilimsukuma. Lakini hasira peke yake haiweki Sabato vizazi vinne. Idi Amin alipowapiga marufuku, masinagogi yalifungwa, wengi wakahamia Ukristo na Uislamu, wakabaki mia chache wakisali kwa siri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyo hiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoanza. Unaweza kufikiri walivyoipokea. Na waliporudi hadharani hawakuchoma sabo la jirani wala msikiti wa mtu. Mwaka 2004 waliungana na Wakristo na Waislamu wa vijiji vile kuuza kahawa kwa ushirika mmoja, Mirembe Kawomera. Wameishika amri ya kutokuwa na miungu mingine kuliko mimi na wewe, na bado mizani yao ya kahawa ikawa moja kwa dini tatu. Amosi, mchungaji yule wa Tekoa aliyefukuzwa Betheli, angeisimamia mizani hiyo akaridhika.

Simsifu Kakungulu kwa kila kitu. Alimtolea Mungu mwili wake mwenyewe na heshima yake kwa Waingereza. Ng'ombe ambao majeshi yake yaliwapora Wagisu na Wakedi ni hesabu nyingine, na wazee wa kule hawajaisahau. Hapo walokole wetu wa kwanza, wa miaka ya 1930 na 1940, walimpita. Marehemu mama alikuwa akitusimulia mlokole aliyeingia uani kwao akivuta mbuzi aliyemwiba wakati wa njaa. Nyuma yake alifuata mwanambuzi. Walipomuuliza huyu mdogo ni wa nani, akasema amezaliwa kwangu lakini ni wenu. Nenda kwa nabii wako umuulize kama amewahi kumwagiza mtu arudishe mwanambuzi.

Mwanangu, kile kipande alichokuachia baba yako, nusu ekari chini ya barabara, ulimkodisha mtu wa miwa. Sikukuzuia, ni chako. Busoga nzima imefanya hivyo, hadi miwa imefika dirishani na watu wanaozungukwa na mashamba wananunua viazi vitamu sokoni. Baali wa zamani alikuwa mungu wa mvua na mavuno. Hosea aliwalilia watu waliodhani nafaka na mafuta vyatoka kwake, wakamsahau aliyewapa. Sijui ni jina gani tofauti ninaloweza kumpa huyu wetu anayelipwa kwa tani kiwandani. Pesa za kodi ile ulizipokea Februari na nusu yake, kwa maneno yako, uliipanda mbegu. Binti yako yuko hapa Mafubira na mama yake. Alirudishwa nyumbani muhula huu kwa sababu ya karo, akakaa wiki mbili akichota maji. Nilimwona kisimani na sare yake. Isaya anaanza kitabu chake kwa kuwaambia watu wenye sadaka nyingi kwamba Mungu amechoka na mafusho yao, waoge kwanza, wamtetee yatima na mjane. Mtoto wako si yatima. Una mikono na miguu, na una duka la simu Mbale.

Kwa hiyo ruhusa ya petroli sikupi, wala si yangu kuitoa. Sabo ni la ukoo, na shangazi zako watatu wana sauti. Nitawaita Januari, wakishamaliza kuvuna mahindi. Rai yangu itakuwa mkuki, kigoda na kiko cha babu vilivyomo viingie nyumbani kwangu viwe kumbukumbu, na kibanda tukibomoe kwa mikono yetu mchana, wewe ukiwepo, bila timu. Wakikataa, nitakaa nao tena mwaka ujao.

Wewe mwenyewe, Jumamosi moja asubuhi, panda boda hadi kilima cha Nabugoye, kwenye sinagogi la Abayudaya. Omba ruhusa langoni kwa adabu, ukae nyuma uwasikilize, usimhubirie mtu. Kisha uje huku peke yako. Mwalimu mkuu anataka karo kabla shule haijafunguliwa, na deni la muhula huu juu yake. Mwenye miwa naye ameniuliza kama utaurefusha mkataba unaoisha Machi. Sijamjibu. Zungumza kwanza na mama wa mtoto, maana alishaniambia angependa kupanda muhogo na maharage pale, halafu unipigie.

Mama yako mkubwa anakusalimu. Anauliza kama chupa airudishe.

Baba yako mkubwa